Mwaka Niliozoewa

Habari ya kifo cha Wafula niliipata kwenye simu, katika lile kundi letu la watu waliowahi kukaa Shauri Moyo, ambalo siku nyingine zote huwa ni picha za maua na dua za asubuhi. Mtu aliandika tu kwamba yule fundi wa masanduku wa nyumba ya kona ametuacha, kwamba matanga yako kwake Kayole, na anayeweza afike Jumamosi mchana. Nilikuwa nakaanga vitunguu. Nikateremsha sufuria, nikakaa kwenye stuli, nikasoma tena kama mtu anayetafuta kosa. Kisha nikajiambia siendi. Mtu ambaye sijamtia machoni zaidi ya miaka ishirini na mitano, mtu tuliyeachana naye kwa maneno ya mlangoni, nikafanye nini kwake leo ambapo hata hawezi kuniona? Nilijibishana hivyo mpaka mwisho wa wiki, peke yangu, kwa sauti, maana siku hizi mimi huongea na masufuria. Jumamosi asubuhi nikajikuta napiga pasi gauni la kahawia.

Ploti yake iko ndani kabisa, mbali na lami, pale magorofa yalipobanana hata nguo za huyu zinadondokea kwa yule. Walikuwa wamefunga hema katikati ya njia na kupanga viti vya plastiki, na spika moja kubwa ilikuwa inakoroma. Nilikaa nyuma, karibu na vijana wawili wa mtaa. Wazee wa kanisa walisema yao, mafundi wenzake wakasema yao, na kila mmoja alieleza kirefu sana jinsi marehemu hakuwa mtu wa maneno mengi. Halafu mjane akapewa maiki. Anaitwa Nasimiyu, mwanamke mfupi, leso kiunoni, sauti imekwisha kwa kulia. Hakusema mengi. Alisema, "Miaka miwili ya ndoa hakuniambia neno hata moja la mapenzi. Nikachoka, nikafunga mizigo nirudi kwetu Bungoma. Akasimama mlangoni akaniambia, 'Nasimiyu, usiende. Mimi nimekusoea.' Basi, nikafungua mizigo." Pale mbele walipokaa watu wa kwao ulisikika mguno mmoja mzito, na wanawake wakashika leso zao wakajifuta. Vijana wangu wawili wa nyuma walichekea chini kwa chini, mmoja akamuuliza mwenzake, sasa kumzoea ndiyo kumpenda aje? Mimi sikucheka. Maneno yaleyale niliambiwa na mtu yuleyule, kwa ile s yake ya Kibukusu mahali pa z, amesimama mlangoni vilevile, na mizigo yangu ilikuwa imefungwa pia.

Asiyekulia mitaa yetu lazima nimweleze, asije akaniona mjinga bure. Sisi tuliozaliwa Majengo, tukakulia Shauri Moyo na Gikomba, neno kuzoea tulilijua kwa ubaya wake. Mama alikuambia umemzoea, ukajua kofi liko njiani. Wanaume wawili wakiulizana "kwani umenizoea?" unaondoa mtoto hapo katikati. Kumzoea mtu ni kumdharau, ni kumwona wa kawaida, ni kumpanda kichwani. Na wakisema fulani na fulani wamezoeana, hapo sasa ni umbea wa kitandani. Sikuwahi, tangu kuzaliwa, kusikia mtu analitoa neno lile kama zawadi. Wafula alizaliwa kwingine, Kiswahili alikijia ukubwani, na huko alikotoka mtu anayekuambia amekuzoea amekwambia yote aliyonayo. Haya nimeyajua Jumamosi, kwenye kiti cha plastiki, nikiwa na miaka hamsini na ushee, mwenye maneno yake akiwa amelala mochari.

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka ishirini na tatu na chumba kimoja. Zilikuwa nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, zile za matofali za zamani, vyumba vimeangaliana na jikoni moja ya kugawana, ukuta wake umekuwa mweusi kwa moshi wa watu waliohama kabla sijazaliwa. Mwenye nyumba kwa makaratasi alikuwa Mama Otis, naye alikaa upande wa mbele na mume na watoto. Sisi wapangaji wake tulikuwa wawili huko nyuma, mimi na Wafula, milango yetu imetazamana, hatua chache tu za saruji iliyopasuka. Mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye soko la Gikomba, nikipunguza viuno vya suruali za mtumba na kubandua mifuko iliyotoboka. Yeye alikuwa anagonga masanduku ya bati, yale ya watoto wa bweni, kutoka asubuhi mpaka jua lizame. Alikuwa mrefu, mikono imejaa alama za kukatwa na bati, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa nyundo. Miezi miwili ya kwanza tulikuwa tunaamkiana tu, habari ya kazi, nzuri, basi kila mtu na mlango wake.

Kilichotukutanisha ni makaa mabichi. Mvua ya masika ilinyesha mwaka ule bila kupumzika, magunia ya makaa yakalowa kila kibanda, na jiko moja likawa linawashwa kwa saa nzima na machozi juu. Jioni moja alinikuta nimepiga magoti nampulizia shetani, maana moto haukuwa mle, akaniambia lake limeshika na sufuria yangu inaweza kungoja zamu. Siku iliyofuata mimi nikawasha, yeye akangoja. Baada ya wiki tukaona ni upuuzi kuteketeza makaa mara mbili kwa ugali ule ule wa maji na unga. Yeye alinunua mboga, mimi nikasonga, au nilinunua mimi akasonga yeye, na ugali wake ulikuwa mgumu wa kujengea nyumba. Alipenda mrenda, mboga ya kwao. Niliuona mara ya kwanza ukivutika kutoka sufuriani mpaka sahanini bila kukatika, nikamwambia wazi kwamba mimi vitu vya kuteleza sili. Hakunibembeleza. Alinikaangia yai, akala mrenda wake kwa raha zake. Ilipofika baridi ya Julai mimi ndiye niliyekuwa nazunguka sokoni nikiwauliza akina mama nani ana mrenda mchanga, na kununua magadi ya kuulainisha, na kumgombeza akitia mengi.

Hakuna siku tuliyokaa tukakubaliana kitu. Mambo yalijipanga yenyewe. Nilijua nikae kulia kwake, upande wa sikio zima, ndipo asikie habari za Gikomba bila mimi kupayuka. Yeye alijua mimi hushtuka, kwa hivyo akifika kwenye kona ya nyumba alikohoa kidogo, hata akiwa na kifua safi, ili nijue ni yeye. Alijua nikinyamaza wakati wa kula ni tumbo la mwezi, akanisogezea kiti karibu na jiko bila kuuliza swali. Nilijua akigonga sahani kwa kidole amekosana na mwenye karakana. Tulikula kutoka sinia moja ya bati aliyoigonga mwenyewe, na mimi nilikula, jamani, nilikula kwa vidole vyote, nikilamba, kitambaa kimefungwa kichwani hovyo, jasho la moto usoni, wala haikunipitia akilini kwamba mwanamume yuko hapo ananitazama. Baada ya kula tulinyamaza, tukisikia redio ya Mama Otis kupitia ukutani, kisha kila mtu alisema haya, na kuingia kwake. Siku zile niliona ni maisha tu, ya mtu ambaye bado hajaanza kuishi.

Halafu nikasikia maneno bombani. Nilikuwa nimeinama nyuma ya ukuta nikisuuza ndoo, Mama Otis hakuniona, akawa anamwambia jirani kwamba wale wapangaji wake wa nyuma siku hizi wamezoeana, na alilivuta lile neno mpaka likatoa harufu. Yule jirani akacheka kwa koo. Damu ilinipanda. Sikuwa nimeguswa na Wafula hata kidole, isipokuwa vidole vilivyokutana kwenye ugali, na hapa nilikuwa nimeshavuliwa nguo bombani. Nilitoka na ndoo yangu nikapita katikati yao bila salamu. Kwa wiki nzima nilipakua chakula changu nikala chumbani, mlango umefungwa, nikimwambia Wafula naumwa kichwa. Yeye aliweka chakula kilichobaki nje ya mlango wangu, kimefunikwa na sahani. Wiki ilipokwisha hasira zikanipungua nikarudi kwenye sinia. Lakini neno lile lilikuwa limeingia doa, na doa halikutoka.

Pato alikuja mwezi wa Agosti. Alikuwa anauza makoti ya mtumba safu ya tatu kutoka kwangu, kijana wa Kayole, mweusi wa kung'aa, meno, mabega, yote mahali pake. Alinitupia koti juu ya cherehani akasema, "Niaje, Rehema. Hii koti imepoteza kifungo, na mimi nimepoteza usingizi." Jina langu alikuwa amelitafuta. Najua sasa kwamba maneno hayo aliwaambia wengi, labda siku hiyohiyo, lakini nisidanganye mtu: yalinishika. Nilishona kifungo kile mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilikiweka kwenye tundu. Akipokea koti mkono wake ukigusa wangu, mkono ule ulibaki na joto mpaka saa ya chakula, na chakula chenyewe sikukila. Nilipoteza hamu ya kula kabisa. Nilianza kupaka poda asubuhi, mimi ambaye nilikuwa nakwenda Gikomba na uso wa kuamkia. Siku ya tatu aliniambia ananipenda, hivyohivyo, katikati ya watu wanaopigania makoti, na mimi nikaona ndiyo hii sasa, ndicho kile wanachokiimba. Mwili wangu wote ulikuwa umesimama kumsikiliza, na nani angeniambia kwamba mwili unaweza kusikia vibaya?

Sitamsema Pato kwa ubaya, na wanaotaka nimseme waende kwa mwingine. Alinipa furaha ambayo mpaka leo nikiikumbuka nageuza uso, mama mzima. Chumba chake Kayole kilikuwa na kitanda na kioo, basi, hata kijiko hakikuwapo, na mchana wa Jumapili tulifunga dirisha tukasahau kuna dunia. Alinitazama kama mtu mwenye kiu, nami sikuwahi kutazamwa hivyo, nikawa naliona hata bega langu kwa macho yake. Lakini nikikumbuka vizuri, tukimaliza hatukuwa na neno. Yeye alijinyoosha akatazama dari, mimi nikatafuta la kusema, nikamuuliza biashara imekuwaje, akasema poa. Nikamuuliza kwao ni wapi hasa, akasema ni hadithi ndefu. Kisha akanivuta tena, na hilo ndilo lilikuwa jibu la kila kitu. Tukienda kula kibandani nilikula vipande viwili nikaacha, mdomo umebanwa, nikiogopa mafuta yasishike kidevuni. Nilirudi Shauri Moyo jioni nina njaa ya kuanguka, na nikakuta sahani imefunikwa juu ya jiko lililokaribia kuzima.

Wafula hakuniuliza nilikotoka. Alikohoa kwenye kona vilevile, alikaa akiniachia upande wa kulia vilevile, na mimi nilikula nikimsimulia Gikomba, nikiruka safu ya tatu. Mara moja tu alinitazama ile poda akasema vumbi la huko siku hizi limekuwa jeupe, na tukacheka wote wawili. Nilidhani hajui. Mtu anayejua tumbo lako la mwezi kwa kukusikia ukila, na mimi nikadhani hajui. Kuna jioni moja ya Oktoba alichelewa, kona ikawa kimya, na nikajikuta nimesimama mlangoni na mwiko mkononi nikisikiliza kikohozi cha mtu asiye mume wangu wala ndugu yangu. Aliingia amefunga kitambaa kwenye kiganja, bati limemkata. Nilimsafisha kidonda kwa maji ya chumvi, nikikaza kitambaa kwa hasira, nikamwambia hajiangalii. Pato aliumia goti mwezi uleule akicheza mpira, na nilichofikiria kwanza ni kwamba Jumapili imeharibika. Tofauti hiyo nilikuwa nayo mikononi, na sikujua ni ya kitu gani.

Mwisho wa Novemba Pato aliniambia, "Si ukuje tu tukae." Hivyo ndivyo watu wanavyooana kwetu, hakuna mjumbe wala maua, unabeba ndoo na godoro unahamia. Nilisema nitafikiri, na niliposema hivyo sikujua nafikiri nini, maana mwili ulikuwa umeshahama zamani. Lakini kwa jioni kadhaa nilikaa kando ya jiko nikitaka kumwambia Wafula, na nikishindwa, na kukasirika kwamba nashindwa. Ukweli wenyewe niuseme sasa, hakuna wa kumficha: nilitaka anizuie. Nilitaka aseme kitu kimoja cha kufanana na vile vya Pato, hata nusu yake, hata kwa kigugumizi, na godoro lingebaki mahali pake. Sikujua hilo siku zile kwa maneno, nililijua kwa jinsi nilivyofunga mizigo mchana kweupe, mlango wazi, polepole, kitambaa kimoja kimoja, mpaka akarudi kazini akanikuta.

Alisimama mlangoni. Nyundo alikuwa bado ameishika. Nikamwambia nahamia Kayole kwa mtu. Akauliza kama ni yule wa makoti, nikasema ndiye. Akaangalia ndoo, akaangalia cherehani iliyofungwa kamba, akaangalia stuli yangu, na nikaona koo lake linapanda na kushuka. Nikangoja. Nakwambia nilingoja na kila kitu changu.

"Usiende," akasema. "Mimi nimekusoea, Rehema."

Nilimsikia vizuri sana, hilo ndilo baya. Nilisikia sauti ya bombani. Nilisikia kwamba nimekuwa kama lile jiko, kitu kinachokutwa kila jioni mahali pake, na kwamba anayemsongea ugali akiondoka ni usumbufu. Mwenzake siku ya tatu alisema ananipenda mbele ya soko zima. Huyu mwaka mzima ametafuta, na alichopata ni hiki. Kama angesema ananitamani, ningefungua zile kamba palepale. Uso ulinichoma kwa aibu, na aibu kwangu mimi hutoka kama kiburi.

"Basi zoea mwingine," nikamwambia.

Alisogea kando mlango ukawa wazi. Kisha, na hili sijalisamehe, aliweka nyundo chini akanibebea cherehani mpaka barabarani, akaiweka vizuri kwenye mkokoteni, akakaza kamba, akamwambia mwenye mkokoteni apite polepole penye mashimo. Sikumwangalia. Niliangalia mbele kama bibi harusi, moyo unauma na sijui unaumia nini.

Kayole kulikuwa kutamu mpaka Februari. Nilinunua vijiko. Niliweka pazia. Pato alifurahi nikiwa nimeoga na nimevaa, alinikuta mlangoni akanibeba, na majirani walitupigia kelele tupunguze kelele. Kisha nikashikwa na malaria, ile ya kutapika mpaka nyongo, nywele zimesimama, mdomo umepasuka, shuka limelowa jasho. Alinunua dawa. Hilo lazima nilitaje: alinunua, akaleta, akaiweka kwenye stuli. Lakini aliiweka akiwa amesimama mbali, amenyoosha mkono, na macho yake yakawa yanazunguka chumba kama mtu aliyeingia ploti isiyo yake. Aliniuliza kama nitapona kufikia Jumapili. Kisha akasema harufu inamkaba, ataenda kulala kwa rafiki yake mpaka nipate nafuu. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anaeleza tu. Nililala pale nikasikia miguu ya watu kwenye ngazi, wanapanda, wanashuka, na katikati ya homa nikagundua kwamba ninasikiliza kikohozi. Nililia mpaka mtoto wa jirani akaja kuniuliza kama aite mama yake.

Nilipopona alirudi, na aliporudi alinishika kama zamani, lakini mimi nilikuwa nimeshaona yale macho. Hatukugombana hata siku moja. Hakukuwa na cha kugombania. Tuliendelea hivyo kidogo, kila mara anakuja kwa kuchelewa zaidi, mpaka asubuhi moja akaniambia anapeleka mzigo wa makoti Mombasa, huko biashara imechangamka. Nikamwangalia. Nikamuuliza nani anavaa koti Mombasa. Tulitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane tukacheka pamoja, cheko la kweli, mpaka machozi. Halafu akabeba begi lake. Alikuwa amenitaka kweli, na kile alichokitaka alikipata chote, nami vilevile. Ilikwisha kama mlo unavyokwisha, na hakuna mtu anayekosewa na sahani tupu.

Nilirudi Shauri Moyo mwezi wa Machi, siku ya mvua. Chumba cha Wafula kilikuwa na watu wengine, mke na mume na mtoto mchanga. Mama Otis alinikaribisha chai, kwa midomo imebanwa kwanza, kisha umbea ukamshinda. Akaniambia yule fundi tangu niondoke alikuwa anasonga ugali wa watu wawili kila jioni, nusu anawapa watoto wa Mama Otis, mpaka mama huyo akamuuliza kwani hajui kipimo, naye akasema mkono umekataa. Halafu mwezi wa Januari akahama, na hakusema anakohamia. Mama Otis alisimulia akicheka, nami nikacheka naye. Nikasema nilijua mimi, alikuwa amekosa mpishi tu. Nilimaliza chai yangu, nikaenda zangu kutafuta chumba Majengo.

Hayo maneno, kwamba alikosa mpishi, yamenifaa sana maishani. Niliyashika miaka yote. Niliolewa baadaye na mtu mwema, nikazaa, nikafiwa, na katika ndoa yangu nilijua kutofautisha kiu na njaa vizuri kuliko wanawake wengi niliowajua. Lakini kila Wafula aliponijia kichwani, na alikuja, hasa wakati wa masika, nilimfungia mlango kwa yale maneno. Mtu aliyekudharau humlilii. Ni Jumamosi ile ndipo mkewe alipoutoa ule mlango mzima mzima, kwa maiki, mbele ya watu, bila kujua, na nikabaki nimekaa na mwaka wangu wote umerudishwa mkononi, ukiwa na thamani ambayo sikuwahi kuipa. Nililia kwa sauti. Vijana wawili wa nyuma wakaacha kuchekacheka, mmoja akanipa karatasi ya kujifutia, akaniambia pole mathe.

Msimamizi aliona nalia, akauliza kama kuna mtu wa Shauri Moyo angependa kusema neno. Waliokuwa mbele yangu waligeuka. Nilisimama, nikapewa maiki, na ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Nasimiyu alikuwa ananitazama, macho mekundu, anangoja, kama wanavyongoja wajane wote, apewe kipande cha mumewe ambacho hakuwa nacho. Nilikuwa nacho. Ningeweza kumpa kikohozi cha kwenye kona. Lakini kile kitu alichotoka kutuonyesha kilikuwa chake, alikipata kwa kufungua mizigo, na mimi ningekigusa tu kingekuwa cha watu wawili. Nikasema tulikuwa majirani, kwamba alikuwa jirani mwema sana, na Mungu amlaze pema. Nikakaa. Yeye aliniinamishia kichwa kwa heshima, asante dada, na msimamizi akamwita anayefuata.

Walipoanza kugawa chai nilishindwa kukaa. Niliingia ndani ya ile nyumba, vyumba viwili, nikapita picha yake ukutani bila kuinua macho, nikafika jikoni. Beseni lilikuwa limejaa vyombo. Niliinamisha mgongo nikaanza kuosha, vikombe, sahani, kisha nikafikia sufuria ya ugali, nikaloweka, nikasugua, nikaona napumua vizuri kwa mara ya kwanza siku ile. Msichana mmoja aliingia na sinia ya vikombe, mrefu, na alipogeuka nikamwona baba yake mtupu, mpaka lile koo. Alikuwa binti yake. Aliniona nimekunja mikono ya gauni, povu mpaka kwenye viwiko, akashtuka, akaweka sinia chini haraka akaja akanishika mkono kwa upole, kama walivyomlea.

"Hapana, anti, wacha," akasema. "Wewe ni mgeni."

Nikamwachia sufuria.